Patrick kabla ya kofia za kijani

Kila Machi 17 inapokaribia, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, ambayo leo watu huisherehekea kwa kofia za kijani, wanafunzi wangu wa historia ya Kanisa huja na swali lilelile: ni kweli Patrick aliwafukuza nyoka Ireland? Huwajibu kwamba hapakuwa na nyoka wa kufukuzwa. Bahari ilikizunguka kisiwa kile baada ya enzi ya barafu, na nyoka hawakuwahi kuvuka. Na lile jani la ncha tatu analosemekana kulitumia kufundishia Utatu? Patrick mwenyewe halitaji popote. Hadithi hiyo tunaikuta kwenye maandishi ya karne ya 18.

Kwangu mimi utamu uko kwenye maandishi mawili ya Kilatini aliyoyaacha yeye mwenyewe katika karne ya 5. La kwanza, Maungamo, analianza kwa kujiita mwenye dhambi na mshamba kuliko wote. Na hatanii: Kilatini chake kinakwaruza.

Alizaliwa Uingereza iliyokuwa ya Warumi. Baba yake alikuwa shemasi, babu yake padre (ndiyo, padre mwenye watoto; useja ulikuwa haujakaza). Hata hivyo kijana mwenyewe anakiri kwamba hakumjua Mungu. Akiwa na miaka kama 16 alitekwa na wavamizi, akavushwa hadi Ireland, akachungishwa mifugo miaka 6. Malishoni huko ndiko sala zilikomwingia: hadi mia kwa siku, na usiku karibu idadi hiyohiyo, anaamka kabla hakujapambazuka, theluji ikianguka au mvua ikinyesha. Akatoroka, akafika kwao. Kisha akaota mtu amembebea barua nyingi kutoka Ireland, na ndani yake akasikia sauti za watu wakimsihi arudi akatembee tena kati yao. Akarudi, safari hii akiwa askofu.

Andiko la pili ni kali. Askari wa mtawala mmoja aitwaye Coroticus waliwavamia waumini wapya wa Patrick wakiwa bado na mavazi meupe ya ubatizo, krisma, yale mafuta matakatifu, ikinukia kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine wakauawa kwa upanga, wengine wakachukuliwa utumwani. Patrick akamtuma padre na barua kuomba mateka warudishwe, wakamcheka. Ndipo akaandika hii tuliyonayo: mtu asile wala asinywe na askari hao mpaka watubu kwa machozi na kuwaachia huru watu wale. Nikifika hapo darasani huwa nasoma polepole. Anayeandika naye aliwahi kuwa mtumwa.

Machi 17 yenyewe inaadhimishwa kama siku ya kifo chake. Hakuna papa aliyemtangaza mtakatifu, maana utaratibu huo haukuwapo bado. Ni katika karne ya 17 ndipo Luke Wadding, Mfransisko wa Waterford, alipofanikisha sikukuu hiyo kuingizwa kwenye kalenda ya Roma.

Huangukia ndani ya Kwaresima, na kwa desturi mfungo ulilegezwa siku hiyo, nyama ikaliwa. Pombe ina historia yake: kuanzia miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ya Ireland ilifunga baa siku ya Mtakatifu Patrick. Mwaka 2008 tarehe 17 ilikuwa Jumatatu ya Juma Kuu, lisiloruhusu sikukuu za watakatifu, basi Kanisa Katoliki la Ireland likaisogeza sikukuu hadi Machi 15. Gwaride la Dublin likabaki palepale, tarehe 17.