Lisaa limeisha, donge halijaumuka

"Mama, lisaa limeisha. Niingize?"

Aliyeuliza ni kijana ninayemfundisha kazi, katoka kwenye kozi ya mapishi na daftari lake safi. Ilikuwa alfajiri ya Julai hapa Sakina, Arusha, kile kibaridi cha Meru ambacho hata kusonya huwezi. Nikafunua sufuria: donge la mkate limejikunyata vilevile tulivyoliacha. Lisaa limeisha kwa nani?

Hamira ni kiumbe hai. Ikipata joto inakula sukari na kutoa gesi. Ikipigwa baridi inasinzia. Aliyeandika "acha saa moja" alikuwa na joto la jikoni kwake akilini. Februari mchana, donge hilohilo nikizembea kidogo tu, nalikuta limechacha.

Halafu kuna mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Hewa ya huku haikandamizi sana, kwa hiyo gesi ndani ya donge hutanuka kirahisi, mkate unapanda mbio kabla haujapata nguvu ya kujishikilia. Nilipohamia kutoka Tanga na vipimo vya mama mkubwa, skonzi zangu zilibonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Nikalaumu unga, nikabadilisha muuzaji pale soko la Kilombero mara mbili (nisamehewe). Siku moja nikabadilisha hamira, maji na moto kwa mpigo, zikatoka nzuri ajabu. Nilifurahi mpaka kesho yake, niliposhindwa kujua kipi kimesaidia. Nikaanza upya, kitu kimoja kwa kila mpiko, naandika. Kumbe dawa ilikuwa kushusha hamira toka gramu 10 hadi 7 kwa kilo ya unga.

Chumvi lakini siibahatishi: gramu 20 kwa kilo, kwenye mizani. Anayejisifu kwamba mkono wake unajua chumvi, mara nyingi ni wateja wanaomvumilia.

Kuumuka ndiko kunakotaka kidole. Kipake unga, bonyeza donge mpaka karibu na pingili ya kwanza, toa. Shimo likiruka kujaa papo hapo, bado. Likirudi polepole na kubakiza alama, ingiza. Lisiporudi kabisa umechelewa; likande upya, liumuke tena, na safari hii ukae karibu. Hiyo "polepole" ni kiasi gani siwezi kukuandikia. Mimi ilinichukua mapipa ya unga kuielewa.

Asubuhi ile tulisogeza sufuria karibu na jiko la mkaa, tukaifunika khanga. Ikachukua karibu masaa mawili. Nikamwachia kijana apime mwenyewe, naye kwa wasiwasi akabonyeza mkate mmoja mara sita. Huo hatukuuza. Tulikula na chai.