Maktaba za komponenti na ufikivu: dhana potofu na ukweli

Siku hizi wasanidi wachache hujenga kila kitufe cha programu ya wavuti kwa mikono yao. Huchukua maktaba ya komponenti, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari kama menyu, vidirisha na vichupo, kisha huvivika rangi za mradi wao. Maktaba kama Radix, Headless UI na React Aria ya Adobe hukuachia mwonekano wote, zenyewe zikabeba tabia, yaani jinsi kila kipande kinavyoitikia kibodi na kipanya. Zinafaa sana, na ningependa zitumike zaidi. Ila kuhusu ufikivu, yaani programu kuweza kutumiwa na kila mtu hata mwenye ulemavu, baadhi ya yanayoaminiwa juu yake yanawafungia mlango watu wasioona, wenye uoni hafifu na wasioweza kushika kipanya.

"Maktaba imeandikwa kuwa ni fikivu, basi na programu yangu ni fikivu."

Hii ndiyo inayodhuru kuliko zote. Chukua kidirisha kinachofunguka juu ya ukurasa. Maktaba nzuri huhamishia fokasi ya kibodi (mahali kibodi inapofanyia kazi) ndani yake, huizuia isitokee nyuma ya kidirisha unapobonyeza Tab, hukifunga kwa Escape, kisha hurudisha fokasi kwenye kitufe kilichokifungua. Kuyaandika hayo yote mwenyewe bila kasoro ni kazi ngumu, na hilo la mwisho husahaulika mara nyingi.

Hata hivyo, maktaba haijui kidirisha chako kinahusu nini. Usipokipa kichwa, anayetumia programu ya kusoma skrini atajua tu kwamba kuna kidirisha. Kama anaulizwa kufuta akaunti au kuthibitisha malipo, hajui. Radix hutoa onyo kwenye konsoli (dirisha la ujumbe wa msanidi ndani ya kivinjari) kichwa kikikosekana, na onyo hilo si la kupuuza. Kitufe chenye picha ya pipa la taka bila jina kitasomwa "kitufe", basi. Na ujumbe wa kosa unaosema "Si sahihi" chini ya namba ya simu haumwelekezi mtu popote. "Andika tarakimu 10, ukianza na 0" unamwelekeza. Maneno hayo utayaandika wewe, hakuna maktaba itakayokuandikia.

Vivyo hivyo kwa vikaguzi vya ufikivu vya kiotomatiki. Vitaona kwamba jina halipo, lakini kwamba jina lililopo halieleweki, hilo halivihusu.

"Nikibadilisha mwonekano tu, siharibu kitu."

Unaharibu, tena kwa mstari mmoja. Ukiandika `outline: none`, inayoondoa mstari unaozunguka kipande chenye fokasi, bila kuweka alama nyingine, anayetumia kibodi haoni tena yuko wapi. Rangi nazo: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, kwenye kiwango chake cha kati cha AA, unataka uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu cha `#999` juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi wanakipenda, hakifiki hata 3. Kikoleze hadi `#767676` na kinavuka 4.5. Toleo la WCAG 2.2 la mwaka 2023 limeongeza kwamba sehemu ya kugusa isiwe chini ya pikseli 24 kwa 24, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Kidole kinachotetemeka kinalihitaji hilo.

Kuna pia mtego wa `asChild` katika Radix. Inakuruhusu kubadilisha elementi iliyo chini ya komponenti, nawe ukaweka `div` (kisanduku kitupu) mahali pa `button` (kitufe halisi). Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa kibodi, kitufe hakifikiki tena.

"Sifa nyingi za ARIA ndiyo usalama."

ARIA ni sifa zinazoongezwa kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa, ili kuiambia programu ya kusoma skrini kipande ni nini. Kanuni yake ya kwanza kutoka W3C, shirika la viwango vya wavuti, inasema kinyume chake: HTML ikiwa na elementi inayofanya kazi hiyo, tumia hiyo. `role="button"` hubadilisha kinachotangazwa tu; haileti Tab wala Enter. Shirika la WebAIM, ambalo kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, limekuta kwa kurudia kwamba kurasa zenye ARIA zina wastani wa makosa mengi zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ARIA ndiyo chanzo, lakini linatosha kumfanya mtu aitumie kwa uangalifu.

"Maktaba itaifanya tovuti iwe nzito."

Ukiingiza yote, ndiyo. Ukichukua komponenti unazozihitaji tu, nyingi za sasa huacha nje zilizobaki.

"Nimetafsiri kila neno linaloonekana, Kiswahili kimekamilika."

Yako maneno yasiyoonekana. Kidirisha cha shadcn/ui, maktaba nyingine, kwa mfano, hubeba neno "Close" lililofichwa kwa ajili ya programu za kusoma skrini. Kwa kuwa msimbo wake hunakiliwa ndani ya mradi wako, kuliandika "Funga" ni kazi ndogo. Kalenda nazo zina majina ya mishale ya mwezi uliopita na ujao. React Aria imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30, lakini usidhani Kiswahili kimo. Fungua orodha uhakikishe.

Kisha angalia `lang`, sifa inayotaja lugha ya ukurasa, juu ya HTML yako, kwani violezo vingi huja na `en` (Kiingereza). NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, huja na eSpeak NG, kitengeneza sauti chenye sauti ya Kiswahili, na inaweza kubadilisha matamshi kwa kufuata sifa hiyo. Ikibaki `en`, "Thibitisha malipo" itasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Andika `sw`, na jina la Kiingereza lililobaki katikati ya sentensi ulizungushie `lang="en"` lake.