Tochi ya plazma ikianza kubusu bamba

Wiki jana fundi mwenzangu mwenye karakana kule Changamwe alinipigia simu. Asubuhi mashine yake ya plazma, ile inayokata bamba la chuma kwa mwali wa umeme, ilikata vizuri, kufika alasiri tochi ikawa inagonga bamba. Alishaamua kuagiza kadi mpya ya kudhibiti urefu wa tochi juu ya bamba. Nikamwambia: kaka, kabla hujatoa pesa, fungua tochi uitazame elektrodi, kile kipande cha shaba kilicho ndani.

Tochi ikishaanza kukata, mashine haioni umbali wowote. Inasoma volti za mwali unaotoka kwenye tochi hadi kwenye bamba, basi. Mwali ukirefuka volti hupanda, ukifupika hushuka. Ukiweka 130 na zikafika 133, mota inashusha tochi, zikipungua, inaipandisha. Na nafasi yenyewe ni finyu: kwenye mashine yetu ya ampea 85, tochi hukatia milimita 1.5 juu ya bamba. Wakati wa kutoboa tunaiinua hadi 3.8, chuma kilichoyeyuka kisirukie nozeli, ile ncha ya tochi yenye tundu.

Sasa, katikati ya ile elektrodi ya shaba mna kitone cha hafniamu, metali inayostahimili joto kali. Kila unapowasha kinalika kidogo, shimo linazama. Mwali huanzia ndani ya shimo hilo, kwa hiyo unarefuka humo humo ndani ya tochi, na volti zinapanda ilhali umbali wa nje ni uleule. Mashine inadhani tochi imepaa, inaishusha. Kesho tena, na keshokutwa, mpaka nozeli iguse bamba. Shimo la elektrodi ya mwenzangu lilipita milimita 1, na mimi kwa kawaida hapo natupa. Kabla ya kufika huko, naongeza volti kidogo kidogo kadiri inavyolika, huku nikipima kwa geji nafasi iliyo chini ya nozeli.

Kwenye kona hali ni hiyo hiyo kwa sababu nyingine. Mashine inapunguza mwendo, mkato unapanuka, volti zinaruka, tochi inazama. Funga udhibiti wa urefu kabla ya kona, uufungue mwendo ukirudi.

Sisi wa Mombasa tuna la ziada. Bamba likilala nje wiki mbili tu, upepo wa chumvi umeshalivika kutu. Kabla ya kutoboa, mashine nyingi hutafuta bamba kwa kuligusa na kusikiliza umeme unavyopita; kutu ikizuia umeme, tochi inaendelea kusukuma, na urefu wa kuanzia unakosewa. Piga brashi ya waya pale unapotobolea. Halafu kompresa: hewa yetu ina unyevu mwingi, na maji yakiingia kwenye tochi, elektrodi na nozeli huisha upesi mno. Namwaga maji ya tangi kila asubuhi kabla hata ya chai, na kikausha hewa sikizimi.

Kadi haikuagizwa. Jana alinitumia picha ya bamba la milimita 12: ukingo umesimama wima, na slagi, yale mabaki ya chuma kilichoyeyuka, chini yake inadondoka kwa kugongwa mara moja na patasi.