Tabibu wa Jeshi na Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Tangu tuanze kampeni ya kulinda nembo ya msalaba mwekundu, malalamiko yanayotufikia kwenye kitengo cha sheria za vita yanafanana. Wapo wanaohoji kwa nini tabibu wa jeshi abebe bastola ilhali anadai kulindwa. Wapo wanaokasirika kusikia amemfunga adui jeraha kabla ya mwenzake. Na wenye maduka ya dawa wanaona tunawaonea tukiwataka wafute msalaba mlangoni.

Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 kinamruhusu tabibu silaha ya kujilinda yeye na majeruhi wake. Ulinzi anaupoteza akimdhuru adui nje ya kazi ya tiba, kwa mfano akisafirisha silaha kwa gari la wagonjwa. Limeandikwa wazi zaidi ya miaka 70, na bado tunaletewa kama hoja mpya. Kuhusu nani atibiwe kwanza, kifungu cha 12 kinatazama uharaka wa kitabibu tu, si cheo wala sare. Anayemwita tabibu huyo msaliti akumbuke kuwa naye ana mtoto anayeweza kuangukia mikononi mwa upande wa pili.

Mtazame akiwa kazini. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya dakika chache. Risasi zinapita, yeye kapiga magoti, anazungushia paja mkanda, juu kidogo ya jeraha, anazungusha kijiti hadi damu ikome. Majeruhi anapiga kelele, maana mkanda wenyewe unauma vibaya, naye halegezi. Kisha anaandika saa aliyofunga, kwenye mkanda au kwenye paji la uso la majeruhi, kwa sababu mkanda ukikaa saa nyingi mguu hufa. Muda wote huo mgongo wake uko wazi.

Mei 1945, kisiwani Okinawa, wenzake Desmond Doss, tabibu wa jeshi la Marekani, walirudi nyuma, yeye akabaki juu ya genge na majeruhi. Hakuwa na silaha. Imani yake ilimkataza. Aliwafunga kwa kamba na kuwashusha mmoja mmoja, na tuzo aliyopewa inataja watu 75. Uingereza nayo, katika historia yote ya Msalaba wa Victoria, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani, ni watu watatu tu waliotunukiwa mara mbili, na wawili kati yao, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, walikuwa madaktari wa jeshi. Chavasse alikufa kwa majeraha Agosti 1917.

Lakini katika vita ya Pasifiki, alikokuwa Doss, matabibu wengi wa Marekani walivua alama zao, kwa kuwa zilivuta risasi. Nembo isiyoheshimiwa humgeuza mvaaji kuwa shabaha, na ndiyo maana sisi ni wakali.

Utaratibu ni huu. Kitambaa chenye nembo huvaliwa mkono wa kushoto, kisichopenya maji, kikiwa kimetolewa na kupigwa muhuri na mamlaka ya kijeshi. Huambatana na kitambulisho chenye jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, namba ya utumishi, picha, na saini au alama za vidole. Hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya, hata akitekwa. Na akitekwa hahesabiwi mfungwa wa vita, bali hubakizwa tu ikiwa afya ya wafungwa inamhitaji. Vikipotea, ana haki ya kupewa vingine.

Kuitumia nembo isivyostahili vitani hadi mtu akafa au kuumia vibaya ni uhalifu wa kivita chini ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kifungo hufika miaka 30, au maisha kwa makosa mazito kupindukia. Wakati wa amani, adhabu hufuata sheria ya kila nchi.

Wenye maduka ya dawa, msalaba wa kijani unatosha. Kama mwekundu bado uko mlangoni, upakeni rangi wiki hii.