Paka dume anachuchumaa lakini hakojoi: maswali na majibu

Paka wangu dume anaingia kwenye sanduku la mchanga kila baada ya dakika chache. Amefunga choo?

Wengi hudhani hivyo, na saa za thamani hupotea hapo. Kabla ya kumtafutia dawa ya kulainisha choo, chunguza mchanga. Paka mwenye afya hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku, na mchanga unabaki umelowa vizuri. Sasa mtazame wako: amechuchumaa muda mrefu, tumbo linajikaza, anatoka, anarudi tena, na mchanga ni mkavu kama alivyoukuta, au una matone mawili matatu yenye damu. Hapo shida ni mkojo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Nakusihi usingoje kuche.

Kuna dalili nyingine?

Anajilamba uume mfululizo. Analia kwa sauti usiyoizoea anapojikamua. Wengine hukojoa sakafuni au juu ya nguo, na hapo naomba asichapwe: si utundu, anaumwa. Akianza kukataa chakula, kutapika, kujificha na kulegea, ujue hali imeshakuwa mbaya.

Mbona madume ndio huziba zaidi?

Mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana. Wa dume ni mrefu, na kadiri unavyokaribia ncha ya uume ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba. Kijiwe kidogo, au ute ulioshikamana na fuwele (chembe ndogo ngumu zinazojitokeza kwenye mkojo), unatosha kuuziba. Jike naye huugua kibofu, ila kuziba kabisa ni nadra kwake.

Ana muda gani?

Mfupi sana. Mkojo ukiziba kabisa, paka anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Figo hushindwa kutoa taka, potasiamu hujaa kwenye damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo unasimama.

Naweza kumminya tumbo ili mkojo utoke?

Usithubutu. Kibofu kilichojaa huwa kigumu kama chungwa bichi, na kinaweza kupasuka mikononi mwako. Usimpe pia dawa za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Daktari atafanya nini?

Kwa kawaida humlaza kwa dawa ya usingizi, huingiza mpira mwembamba kuzibua njia, kisha humwekea dripu. Mara nyingi paka hulazwa siku kadhaa. Anayeziba tena na tena huweza kufanyiwa upasuaji wa kupanua njia. Akirudi nyumbani usilegeze macho: kuziba tena hutokea zaidi siku na wiki za mwanzo, kwa hiyo kagua mchanga wake asubuhi na jioni.

Nimkinge vipi?

Maji kwanza. Mpe chakula chenye majimaji, na maji safi sehemu zaidi ya moja. Asinenepe kupita kiasi. Na kwa kuwa wasiwasi huchangia maradhi ya kibofu, mpe utulivu, muda wa kucheza, na masanduku ya mchanga ya kutosha: ukiwa na paka wawili, weka matatu, kila moja mahali pake, ili mmoja asimzuie mwenzake kujisaidia.