Picha kuharibika Windows si kosa la flashi

Hapa Kisumu, kijana akihamisha programu ya terminali kutoka Linux hadi Windows, kisha picha aliyonakili ikatae kufunguka, utasikia: flashi ina virusi. Mara nyingi flashi haina hatia.

Chanzo ni fopen, amri ya lugha ya C ya kufungua faili. Kwa Linux, "r" (kusoma kama maandishi) na "rb" (kusoma baiti kama zilivyo) ni kitu kimoja. Windows hutofautisha. Ukiandika kwa "w" (maandishi, bila "b"), kila baiti yenye thamani 10, yaani mwisho wa mstari, hutanguliziwa 13, faili ikanenepa. Ukisoma kwa "r", jozi ya 13 na 10 hugeuka 10 peke yake, na baiti yenye thamani 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za CP/M, mfumo endeshi wa zamani. Usomaji hukoma hapo bila onyo lolote, na hilo ndilo huniudhi zaidi.

Waliobuni PNG, aina ya faili za picha, walilijua vizuri: kila picha ya PNG huanza na baiti 137 80 78 71 13 10 26 10. Programu iliyosahau "b" husoma baiti tano tu, basi.

Tumia "rb" na "wb". Kwenye paipu, yaani programu moja ikipitishia nyingine data, stdin na stdout (njia za kuingiza na kutoa data) huwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo zibadilishe kwa kuita _setmode na kuipa _O_BINARY kabla ya kusoma au kuandika chochote.