Je, wajua kwa nini Moyo uliishinda Akili mbele ya hakimu wa Kikazaki?

Ghera, Akili na Moyo wamegombana. Kila mmoja anadai kuwa bila yeye mtu si mtu. Wameshindwa kupatana, wakaenda kwa Elimu awaamue.

Kesi hii imo katika neno la 17 kati ya maneno 45 ya Abai Qunanbaiuly, mshairi wa Kikazaki aliyezaliwa 1845 na kufariki 1904 katika nyika za upande wa Semey, mashariki mwa Kazakhstan ya leo. Kila "neno" ni insha fupi, na aliyaandika kati ya 1890 na 1898.

Msomaji wa Kiswahili hapa hapotei njia. Kwa Kikazaki wahusika hao huitwa qairat, aqyl na ghylym. Yasome kwa sauti: ghera, akili, elimu. Wao na sisi tumechota kisima kimoja cha Kiarabu. Moyo peke yake, jürek, umebaki na jina la Kituruki cha mababu zao, kama sisi tulivyobaki na neno letu la Kibantu.

Ghera inajitapa kwamba bila yake hakuna anayesoma, anayeswali wala anayetafuta riziki. Akili inajibu kuwa yenyewe ndiyo inayojua faida na hasara, za dunia na za akhera. Moyo unasema: mimi ndiye mfalme wa mwili. Aliyelala kwenye godoro laini namnyima usingizi, namkumbusha maskini asiye na pa kulala, anayetetemeka kwa baridi.

Elimu anasikiliza, kisha anahukumu. Ghera, una nguvu, lakini huna huruma, na ukishika jambo hushikilia zuri na baya vilevile. Akili, mwema anakutegemea na mwovu anakutegemea; hila zote zinatoka kwako. Unganeni, ila Moyo uwatawale. Mkihitilafiana, mimi niko upande wake.

Kwa nini uamuzi huo? Nadhani jibu liko kwenye mazingira ya Abai kuliko vitabuni. Alikuwa mtoto wa mkubwa wa kabila, naye mwenyewe akawahi kuwa mtawala wa eneo chini ya dola ya Urusi. Aliona uchaguzi wa rushwa, mashtaka ya uongo, wizi wa farasi. Mwizi wa farasi hakosi ghera: anapanda usiku kwenye baridi kali. Wala hakosi akili, la sivyo angekamatwa wiki ya kwanza. Kinachomkosa ni kile cha tatu.

Na hakuwabembeleza watu wake. Katika neno la 2 anakumbuka utotoni alivyowasikia Wakazaki wakiwacheka majirani zao Wasart, wakulima na wafanyabiashara wa mijini, naye akacheka. Alipokua akatazama upya: hakuna mmea wasioupanda, hakuna nchi wasiyoifikia kwa biashara. Kicheko kikamwishia.

Usidhani basi Abai aliidharau elimu. Aliwahimiza Wakazaki wajifunze Kirusi ili wapate maarifa yaliyomo, na mashairi ya Pushkin, mshairi wa Kirusi, aliyatafsiri mwenyewe. Katika kesi yake Elimu alipewa kiti cha hakimu. Taji hakujivika, aliuvisha Moyo.